Maganda ya embe si makapi ya zabibu: mabaki ya matunda yanavyofanya kazi ndani ya saileji

Msimu wa kukamua zabibu ukifika Dodoma, nyuma ya viwanda vya mvinyo, vikubwa na hata vile vya uani, hurundikwa makapi: ngozi za zabibu, mbegu na vikonyo, yakiwa bado na joto na yamezungukwa na nzi. Mjini nako, wauza juisi wa Majengo na Sabasaba hujaza viroba vya maganda ya embe, machungwa na mananasi kila jioni. Halafu ukitoka nje ya mji kidogo, mwezi wa tisa au wa kumi, unakutana na ng'ombe mbavu nje wakiguguna mabua. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na zikikatika zimekatika.

Kuunganisha mambo hayo mawili, yaani kuwawekea ng'ombe mabaki hayo ndani ya saileji, malisho yaliyochachishwa bila hewa, ni wazo zuri, wala si geni. Brazili hulisha ng'ombe wake makapi ya machungwa, na nchi zinazotengeneza mvinyo kwa wingi zimekuwa zikilisha makapi ya zabibu kwa miaka mingi. Shida ninayoiona ipo kwenye ushauri unaozunguka kwa wafugaji: "Matunda yana sukari, changanya na majani, saileji itaiva vizuri." Kuna makapi ya zabibu ambayo karibu hayana sukari. Kuna maganda ambayo ukiyaweka bila hesabu yanageuza shimo zima kuwa tope linalonuka. Na kuna tunda moja, linalopendwa sana kwa juisi, ambalo maganda yake hayatakiwi kufika kabisa kwenye pua ya mbuzi.

Kwa hiyo kabla ya kuchanganya chochote, inabidi kujua majani yenyewe yanakosa nini.

Majani yetu yanakosa nini

Saileji ni majani yaliyochachishwa bila hewa. Bakteria wa asidi ya laktiki, wa jamii ile ile inayogandisha maziwa kwenye kibuyu, hula sukari iliyomo kwenye majani na kutoa asidi. Uchachu ukifika pH ya 4 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: kadiri inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi), wadudu waharibifu hawawezi kuishi tena, na majani yanakaa miezi mingi bila kuoza mradi hewa isiingie. Hakuna uchawi mwingine. Sukari inaingia, asidi inatoka, hewa inabaki nje.

Majani ya nchi za joto yana udhaifu wake hapo. Matete, ambayo wengine huyaita mabingobingo, pamoja na nyasi za malisho kama senkrasi zinazostawi vizuri kwenye ukanda huu wa Kongwa na Mpwapwa, yana sukari kidogo kuliko majani ya nchi za baridi. Akiba yao huiweka zaidi kama wanga, na bakteria wengi wa laktiki hawaujui wanga. Mashina yake ni magumu, mengine yana uwazi ndani, kwa hiyo hata ukishindilia kwa nguvu zako zote hewa inabaki imejificha humo. Juu ya hayo, majani yenye virutubisho ni yale machanga, na machanga yamejaa maji. Matete yaliyokatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi yanaweza kuwa na uzito mkavu wa asilimia 18 tu. Yaani katika kilo 100 ulizobeba kichwani, kilo 82 ni maji.

Maji mengi na sukari kidogo vikikutana, ushindi unakwenda kwa kundi lingine la bakteria, klostridia. Hawa hula sukari, hula asidi ya laktiki iliyokwisha kutengenezwa, hula na protini, kisha wanatoa asidi ya butiriki. Saileji ya namna hiyo huitambui kwa macho kwanza. Unaitambua kwa harufu nzito inayong'ang'ania mikononi hata baada ya kunawa kwa sabuni, na kwa ng'ombe anayeinusa, akarudi nyuma, akakuangalia.

Dawa ya kawaida ni mbili: kupunguza maji hadi uzito mkavu ufike asilimia 30 au zaidi kidogo, na kuongeza sukari. Kwa sukari, kitabuni utaelekezwa molasi, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Molasi inatoka kwenye viwanda vya miwa, Kilombero au Mtibwa huko Morogoro, na ikifika Dodoma imeshabeba nauli. Ndiyo maana mabaki ya matunda yanavutia. Lakini molasi ina sifa moja ambayo maganda hayana: inaleta sukari nyingi na maji machache. Maganda mengi huleta vyote viwili kwa mkupuo.

Kipimo cha kiganja

Huhitaji maabara kujua majani yako yana maji kiasi gani. Yakate vipande vya sentimita 2 au 3, chukua konzi moja, ikamue kwa nguvu zako zote kwa nusu dakika, kisha fungua kiganja polepole.

Maji yakichuruzika katikati ya vidole, uzito mkavu uko chini ya asilimia 25, na hapo hujafika. Donge likibaki limekamatana, kiganja kikiwa na unyevu bila maji kutiririka, upo kati ya 25 na 30. Donge likifunguka taratibu, kama limesita, upo mahali pazuri, 30 hadi 40. Likisambaratika mara moja, majani yamekauka mno na kushindilia itakuwa kazi, kwa sababu majani makavu yanarudi juu kila ukikanyaga.

Fanya kipimo hicho baada ya kuchanganya mabaki ya matunda, maana mchanganyiko ndio unaoingia kwenye pipa. Wengi hupima majani peke yake, wanaridhika, halafu wanamwaga juu yake ndoo tano za maganda ya nanasi.

Kwa anayependa hesabu: kilo 100 za matete yenye uzito mkavu wa asilimia 18 zina kilo 18 za kitu kikavu. Ukitaka asilimia 30, ama uyaanike hadi yabaki kilo 60, ama uongeze kitu kikavu. Pumba za mahindi zina uzito mkavu wa asilimia 88 hivi, kwa hiyo zitahitajika kilo 21 kwa kila kilo 100 za majani. Kuanika ni bure. Kwa jua la Dodoma, saa chache zinatosha mawingu yakiwa mbali, ila Februari si mwezi wa kuamini mawingu.

Makapi ya zabibu: uliza kwanza rangi ya mvinyo

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na ndipo Dodoma ina mali ambayo mikoa mingine haina.

Kila tani ya zabibu ikikamuliwa, makapi yanayobaki huwa karibu robo ya uzito wake au pungufu kidogo. Lakini kuna njia mbili za kukamua. Kwa mvinyo mweupe, kama ule unaotokana na zabibu za Chenin Blanc zinazolimwa huku, zabibu hupondwa na kukamuliwa papo hapo, maji yake yakaenda kuchacha peke yake. Ngozi zinatupwa zikiwa bado na utamu. Kwa mvinyo mwekundu, kama wa zabibu za Makutupora nyekundu, ngozi na mbegu huachwa zichache pamoja na maji kwa siku kadhaa ili zitoe rangi, ndipo zikamuliwe. Zikitoka hapo, sukari imekwisha kugeuka kilevi na kuondoka na mvinyo.

Kwa hiyo makapi meupe ni kirutubisho cha saileji, yanaleta sukari. Makapi mekundu hayaleti. Weka kidogo kwenye ncha ya ulimi: meupe ni matamu yenye uchachu, mekundu ni makali yanayokaza mdomo.

Je, mekundu yatupwe? Hapana. Aina zote mbili zina asidi zake zenyewe, kwa hiyo zinaishusha pH ya pipa tangu siku ya kwanza na kuwapunguzia bakteria kazi. Tena zikishakamuliwa vizuri, uzito mkavu wake mara nyingi ni asilimia 30 hadi 40, juu ya ule wa matete machanga. Makapi hayo yanaweza kunyonya sehemu ya maji yanayotoka kwenye majani badala ya kuongeza mengine. Katika mabaki ya matunda yaliyoko hapa mkoani, hilo ni adimu. Kasoro yake ni kwamba bila sukari, hayatoshi kuyachachisha majani machanga. Ukitumia mekundu, sukari itafute kwingine: pakacha la maganda ya embe, molasi kidogo, au uchanganye na mahindi au mtama wa malisho uliokatwa ukiwa na punje laini, ambao una sukari yake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu lishe. Makapi ya zabibu ni chakula dhaifu. Sehemu kubwa ya uzito wake ni mbegu, na mbegu nzima hupita tumboni mwa ng'ombe zikatoka kama zilivyoingia. Ngozi zina nyuzi ngumu. Ukipeleka sampuli maabara utaambiwa protini ni asilimia 10 au zaidi, na hapo mfugaji hufurahi bure, kwa sababu kiasi kikubwa cha protini hiyo kimefungwa na tanini (kile kinachokaza mdomo) na nyuzi, na mnyama hakipati. Anayekuuzia makapi kwa kukutajia asilimia za protini, mwulize ni ngapi zinazosagika.

Tanini hiyo ina sura mbili. Ikizidi, inakaza mdomo, mnyama anapunguza kula, na bakteria wa tumbo kuu, lile kubwa la kwanza la mnyama anayecheua, wanashindwa kufanya kazi. Ikiwa kiasi, inazuia protini ya majani isivunjwe ovyo ndani ya pipa na tumboni, na inapunguza gesi ya methani ambayo mnyama huicheua na kuipoteza hewani. Kwa saileji ya ng'ombe wa maziwa ningeanza na sehemu moja ya makapi kwa sehemu tisa za majani, kwa uzito, na nisingekuwa na haraka ya kupanda. Mbuzi, ambaye maisha yake yote anakula majani ya miiba yenye tanini, anavumilia zaidi. Kwake sehemu moja kwa nne si ajabu. Kondoo ana habari yake tofauti, nitaifikia.

Maganda yenye maji: embe, chungwa, nanasi

Maganda ya embe yana sukari ya kutosha na wanyama wanayapenda. Uzito wake mkavu ni robo au chini ya hapo, kwa hiyo kwa matete machanga unamwongezea mgonjwa ugonjwa. Yafaa yakutane na kitu kikavu. Kilo 100 za maganda yenye uzito mkavu wa asilimia 20, ukizichanganya na kilo 28 hivi za nyasi kavu zilizokatwakatwa, zinafika asilimia 35. Hapo majani yasiyo na ladha yanapata sukari na unyevu, na maganda yanapata kinachoyanyonya. Kokwa ziondoe. Kokwa nzima ya embe ikikwama kwenye koo la ng'ombe, gesi haitoki, tumbo linavimba, na usipopata mganga wa mifugo upesi unaita mchinjaji.

Nusu za machungwa zilizokamuliwa zina pektini nyingi. Ni nyuzi laini ambazo tumbo kuu huzisaga haraka kama wanga, lakini bila kumletea mnyama uchachu mkali wa tumbo ambao pumba nyingi huleta. Kwa nguvu, haya ndiyo bora katika orodha yote. Hukaa siku moja mbili tu kabla hayajaota ukungu wa kijani, na yakiota usijidanganye kuyaosha.

Nanasi ni sukari na maji, uzito mkavu kati ya asilimia 10 na 15. Linahitaji mkono mdogo, kwa sababu ipo hatari ambayo watu hawaitarajii: sukari ikizidi, hamira za asili zilizo kwenye ngozi ya tunda hupata karamu. Zinageuza sukari kuwa kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi. Pipa linavimba, mfuniko unainuka, na sehemu ya chakula chako imepaa hewani kihalisi. Hamira hizo hizo zinakaa kimya hadi siku ya kufungua, kisha zinaanza kula asidi ya laktiki, saileji inapata joto, na ukungu unafuata. Saileji ya miwa inajulikana kwa tabia hiyo. Katika mchanganyiko wa majani mabichi, maganda yenye sukari yasizidi moja ya kumi hadi moja ya tano ya uzito wote, na kipimo cha kiganja kikuamulie kama ubaki kwenye moja ya kumi.

Maganda ya tikiti yape ng'ombe mabichi siku hiyo hiyo. Kuyaweka kwenye pipa ni kuhifadhi maji.

Na parachichi. Juisi ya parachichi imeenea kila kona, na viroba vya wauza juisi vinachanganya kila kitu. Maganda, kokwa, na zaidi ya yote majani ya parachichi yana sumu iitwayo pesini, ambayo huharibu moyo na viwele, na mbuzi ni miongoni mwa wanaoathirika sana. Kuchacha ndani ya pipa usikuhesabu kuwa ni dawa yake. Kama muuzaji hawezi kukutengea, panga naye:

"Shikamoo mama. Naomba maganda ya embe na machungwa uniwekee kwenye kiroba hiki, ya parachichi weka kule kwingine."

"Marahaba mwanangu. Na hivi vikombe na mirija je?"

"Hivyo ndivyo visiingie kabisa, mama. Nailoni inamuua ng'ombe taratibu."

Kumlipa kidogo kwa kutenganisha ni gharama ndogo kuliko kuchambua kiroba chote usiku, ukikuta humo vijiti vya meno na mifuniko ya chupa.

Kalenda inavyokubana

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Wafugaji wachache wameona kwamba misimu hii miwili inataka saileji mbili tofauti kabisa.

Mavuno ya kwanza yanakuta majani mabichi yamejaa. Tatizo la Februari ni maji, na makapi ya zabibu, hasa meupe, yanafika wakati yanahitajika. Yanaleta asidi, sukari na ukavu kidogo. Huu ndio msimu wa kujaza mapipa na mashimo kwa ajili ya Septemba.

Mavuno ya pili yanakuta nyasi zimekauka kitambo. Huwezi kutengeneza saileji ya majani mabichi ambayo hayapo. Unachoweza ni kukatakata mabua ya mahindi na mtama au nyasi kavu, ukachanganya na makapi mabichi na maji kidogo hadi kiganja kikubali, ukafungia. Mabua hayo hayatakuwa na protini zaidi ya yaliyokuwa nayo, lakini yatalainika na kuliwa, na makapi hayataoza kwa siku tatu kama yanavyofanya yakiachwa wazi. Embe nazo, za Novemba hadi Januari, zinadondokea mwisho wa njaa na mwanzo wa mvua. Mabua yaliyobaki ndiyo mwenzi wake.

Kuna njia ya tatu, inayosahauliwa kwa kuwa ni rahisi mno. Makapi ya Agosti yanaweza kuanikwa. Unyevu wa hewa wa Dodoma mwezi huo ni mdogo, jua halina deni, na makapi yaliyotandazwa kwa unene wa vidole viwili juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara hukauka vizuri. Yaliyokauka hubebeka, hukaa kwenye gunia, na mwakani yanakuwa kinyonyaji cha maji kwenye matete ya Februari. Na mbegu zake, zikiwa kavu, zinaweza kupitishwa mashineni zipasuke.

Kufunga pipa

Mbinu zenyewe zinajulikana, nitapita haraka. Kata sentimita 2 hadi 3. Changanya mabaki ya matunda na majani juu ya turubai kabla ya kuingiza; tabaka la maganda katikati ya majani huwa kiota cha hamira. Ingiza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, panda ndani ukanyage, hasa pembezoni. Pipa la lita 200 lililoshindiliwa vizuri hubeba kilo 100 au zaidi, chakula cha ng'ombe mmoja wa maziwa kwa siku tano hadi saba kama anakula saileji kilo 15 hadi 20 kwa siku. Jaza kwa siku moja, funika nailoni, weka uzito juu, weka kivulini. Fungua baada ya wiki nne. Ukisubiri sita hadi nane, itakaa imara zaidi ikifunguliwa.

Kwa shimo, angalia maji yanayotiririka chini. Mchanganyiko ulio chini ya asilimia 25 hutoa maji meusi yenye uchachu, na yale ni sukari na virutubisho ulivyovilipia vikielekea ardhini. Yakiingia kisimani, kisima kimeharibika.

Ukifungua, toa kila siku tabaka zima la juu, sentimita 15 au zaidi kwa joto la huku, wala usichimbe shimo katikati. Ndiyo maana kwa mwenye ng'ombe wawili au mbuzi kumi napendelea mapipa na mifuko ya saileji kuliko shimo kubwa: shimo linafunguliwa mara moja, likaisha baada ya wiki tatu, na wiki ya mwisho unalisha ukungu. Kwa ng'ombe wanaokamuliwa, lisha baada ya kukamua, la sivyo harufu ya saileji inaingia kwenye maziwa.

Protini haimo

Swali ambalo mtaalamu wa ugani hulisikia kila mara: "Sasa saileji hii ya matunda si inatosha peke yake?" Haitoshi. Bakteria wa tumbo kuu wanahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi ili waweze kusaga nyuzi. Nyasi kavu za Oktoba huwa na asilimia 3 hadi 5. Maganda ya embe na machungwa yana kidogo pia, na ya zabibu tumeona imefungwa. Kwa hiyo umempa mnyama sukari na ladha nzuri, anakula kwa hamu, na bado anakonda.

Bahati ya ukanda huu ni alizeti. Mashudu yake, kutoka kwenye mashine za Singida, Kibaigwa na kwingineko, yana protini ya asilimia 25 hivi, kutegemea maganda yaliyobakizwa. Chukua kilo 7 za chakula kikavu chenye protini asilimia 4: ni gramu 280. Ongeza kilo moja na robo ya mashudu, gramu 312. Jumla ni gramu 592 katika kilo 8 na robo, asilimia 7 na kitu. Hapo ng'ombe wa kawaida anashika mwili. Anayetoa maziwa anahitaji zaidi. Mashudu hayo mpe horini wakati wa kulisha. Kuyafungia kwenye pipa lenye maji mengi ni kuwapa klostridia protini bure. Urea, ambayo wengine huitumia kuziba pengo la protini, kwenye saileji ya majani na matunda siishauri, kwani inapandisha pH wakati ambapo unapigania ishuke.

Kondoo na dawa ya ukungu

Zabibu hupuliziwa dawa za ukungu, na nyingi kati ya hizo zina shaba. Shaba hubaki kwenye ngozi na vikonyo, na huishia kwenye makapi. Ng'ombe huivumilia, mbuzi kwa kiasi. Kondoo hawezi kuitoa mwilini vizuri. Ini lake linaikusanya kimya kimya kwa wiki au miezi, halafu msukosuko mdogo, kama safari ya mnadani au siku ya kiu, unaifanya imwagike yote kwenye damu. Unamkuta asubuhi macho ya njano, mkojo wa kahawia, na mara nyingi hafiki jioni. Kwa kuwa ilichukua muda, hakuna anayekumbuka makapi. Kondoo wasilishwe makapi ya zabibu mfululizo, na kama unafuga mchanganyiko, hori lao liwe mbali.

Kondoo na mbuzi pia ndio huumwa zaidi na listeria, bakteria wa saileji iliyofungwa vibaya na iliyochanganyika na udongo. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka duara. Ukiona hivyo, simamisha saileji, ita mganga.

Unanunua maji kiasi gani?

Mwisho wa yote ni pesa, na pesa ihesabiwe kwa kilo ya uzito mkavu. Tuseme, kwa mfano tu, tani moja ya maganda ya embe imekufikia Nzuguni, pembezoni mwa mji wa Dodoma, kwa shilingi 40,000 pamoja na usafiri. Uzito mkavu ni asilimia 20, kwa hiyo umenunua kilo 200 za chakula na kilo 800 za maji: shilingi 200 kwa kilo kavu. Toa hasara ya kuchachisha, asilimia 15, inafika kama 235. Pumba za mahindi za shilingi 500 kwa kilo, zenye uzito mkavu wa asilimia 88, ni shilingi 568 kwa kilo kavu. Maganda yameshinda.

Sasa mzigo ule ule upeleke Kongwa, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini, jumla ifike 120,000. Kilo kavu inakuwa shilingi 600, na baada ya hasara zaidi ya 700. Mfugaji wa Kongwa ana pumba za Kibaigwa jirani yake, zenye lishe nzuri kuliko maganda, kwa bei ya chini. Kwake, kinachostahili nauli ya Dodoma ni makapi ya zabibu yaliyokwisha kuanikwa, kama anayapata kwa bei ya kuzoa, na hata hayo ayalinganishe kwanza na mabua yaliyoko shambani kwake.